Tashkota ni ya Ukoo wa Koto

Orodha za vyombo vya jadi vya muziki wa Japani hufanana. Utaikuta koto yenye nyuzi 13, shamisen yenye nyuzi 3, biwa, filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi, na ngoma za taiko. Taishogoto mara nyingi haimo, na ikiwemo hutupwa mwishoni kama jamaa aliyealikwa kwa kuonewa haya. Ni kisanduku chembamba cha mbao chenye nyuzi chache za chuma na safu ya vibonyezo vya namba. Mkono wa kushoto hubonyeza, wa kulia hupiga kwa risha. Kilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, na wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanakijua vizuri kwa jina la tashkota. Sababu za kukiacha nje zina sura ya busara: ni kipya, kimeiga mashine ya Kizungu, kiliuzwa rahisi kwa watu wa kawaida, na hakikulelewa na mabingwa wa kale. Hoja ya makala hii ni kwamba ukizichukua sababu hizo ukawapimia nazo wakubwa wa orodha, hakuna atakayebaki.

Tuanze na biwa, maana ndiyo yenye heshima ya umri. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara imehifadhiwa biwa ya nyuzi 5 iliyokuwa miongoni mwa mali za mfalme Shomu, ambazo mjane wake, Komyo, alizitoa wakfu kwa hekalu la Todaiji mwaka 756. Nyingine ya kale ya namna yake haikusalimika popote duniani. Mwili wake ni wa mti wa shitan, mgumu na mwekundu, ambao hauoti Japani, na umenakshiwa kwa lulumizi. Mahali risha inapopita pamebandikwa gamba la ng'amba, na juu ya gamba hilo, kwa vipande vya lulumizi vilivyokatwa kwa ustadi wa ajabu, yumo mtu aliyepanda ngamia, akipiga biwa, karibu na mti wa nchi za joto. Japani na ngamia wapi na wapi! Aliyeipamba biwa hiyo hakuwa na haja ya kuficha kwamba ina asili ya mbali. Asili ya biwa ya nyuzi 5 hutajwa kuwa India. Ile ya nyuzi 4 huunganishwa na barbat ya Uajemi, ambayo ndiyo pia jadi ya udi. Kwa hiyo biwa ya makasisi wa Japani na udi wa taarabu ya Unguja wana nasaba moja, ingawa mmoja alielekea mashariki na mwingine akashuka kusini.

Shamisen ni mgeni wa karibuni zaidi. Ilitoka China, ikapita visiwa vya Ryukyu, ambako iliwambwa ngozi ya chatu, ikafika bandari ya Sakai karibu na Osaka katika nusu ya pili ya karne ya 16. Chatu hawakupatikana huko, basi mafundi wakawamba ngozi ya paka na ya mbwa. Lakini jambo la kutazamwa kwa makini liko juu, karibu na kichwa cha chombo. Nyuzi mbili nyembamba hupita juu ya daraja dogo kama ilivyo kawaida. Uzi mnene haupiti hapo. Umeachwa makusudi uguse kidogo shingo ya mbao, ili ukipigwa utoe mvumo wenye mkwaruzo ndani yake. Mvumo huo huitwa sawari, na chombo cha Ryukyu hakina. Umetoka kwenye biwa, kwa sababu walioipokea shamisen walikuwa wapiga biwa, wengi wao vipofu walioishi kwa kughani habari za vita vya ukoo wa Heike. Wakaiacha pembe ndogo ya kuvaa kidoleni, wakashika risha yao kubwa yenye umbo la upepeo, na wakakilazimisha chombo cha kigeni kivume kama walivyozoea kusikia. Hapo ndipo shamisen ilipofanywa ya Kijapani. Na baada ya kufanywa hivyo, kwa muda mrefu wakubwa waliidharau, wakiiona ni ya majumba ya starehe na ya michezo ya kabuki. Dharau inayoiandama taishogoto leo si ngeni hata kidogo.

Koto nayo ilitoka China, ikakaa ikulu tangu zama za Nara. Ila ile sauti ambayo msikilizaji yeyote leo akiisikia husema papo hapo kuwa hii ni Japani, yenye majonzi yanayoshuka kwa nusu-sauti, haikutoka ikulu. Iliingizwa kwenye koto na Yatsuhashi Kengyo (1614–1685), kipofu aliyeanza na shamisen, kisha akajifunza koto ya mtindo wa Tsukushi, ambayo wenyewe hawakutaka iguswe na vipofu wala wanawake. Yatsuhashi aliupanga upya mpangilio wa sauti za nyuzi, akaleta nusu-sauti za nyimbo za mitaani mahali ambapo hazikuwepo. Kwa kipimo cha walinda mlango wa siku zake alikuwa anaharibu. Baada ya karne tatu na ushee, uharibifu wake ndio unaotajwa kuwa roho ya koto.

Mtetezi wa orodha atakimbilia shakuhachi, na ana haki ya kuijaribu. Hapo, atasema, hapana mambo ya soko wala ya mitaani: pana watawa wa madhehebu ya Fuke waliovaa kofia za kapu zilizofunika uso mzima, wakipuliza mwanzi kama ibada, na silsila yao ikirudi hadi kwa mtawa wa China wa enzi ya Tang. Muziki wao ni mkubwa kweli. Vipande 36 alivyovikusanya Kurosawa Kinko katika karne ya 18 vinatosha kuthibitisha. Silsila ndiyo isiyosimama. Kitabu kinachoisimulia kilichapishwa mwishoni mwa karne ya 18, na wanahistoria wanaihesabu simulizi hiyo kuwa ya kutunga. Vivyo hivyo amri ya mwaka 1614 ambayo watawa walidai walipewa na Tokugawa Ieyasu. Nyaraka hizo zililinda kitu cha duniani kabisa: haki ya kupiga shakuhachi wao peke yao, na ruhusa ya kusafiri nchi nzima wakati watu wengine walizuiwa. Kwa lugha ya leo ungesema walikuwa na leseni, wakaitafutia babu.

Leseni hiyo ilikwisha mwaka 1871. Serikali mpya ya Meiji iliyafuta madhehebu ya Fuke, na mwaka huo huo ikakivunja chama cha vipofu kilichokuwa kimehodhi ufundishaji wa koto na shamisen. Ghafla vyombo vilivyokuwa vya wenyewe vikawa vya yeyote mwenye ada ya mwalimu. Shuleni havikuingia: tangu mwaka 1879, chini ya Isawa Shuji, elimu ya muziki ilijengwa juu ya mtindo wa Ulaya, na ilibidi kungoja hadi 2002 ndipo mtaala wa shule za kati ukaamuru kila mwanafunzi aguse walau chombo kimoja cha jadi. Katika pengo hilo kila fundi alijitafutia njia. Nakao Tozan alianzisha mkondo mpya wa shakuhachi mjini Osaka mwaka 1896. Miyagi Michio alibuni koto kubwa ya nyuzi 17 mwaka 1921. Mjini Nagoya, Suzuki Masakichi, mtoto wa mtengeneza shamisen aliyeirithi kazi hiyo, aligeukia fidla miaka ya 1880 na kuwa baba wa fidla za Japani. Morita alikuwa mtu wa mji huo huo na wa kizazi hicho hicho. Alikuwa mpigaji wa koto ndogo ya nyuzi mbili, alisafiri ng'ambo, na inasimuliwa kuwa taipureta ndiyo iliyompa wazo la vibonyezo. Alichofanya ni kuiwekea koto yake vibonyezo, na namba za kusomea, ili asiye na mwalimu aweze kupiga nyumbani. Anayeiona taishogoto kuwa mwanaharamu wa kiwanda anasahau kwamba wakati huo nyumba nzima ilikuwa inajengwa upya.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la sauti. Mpigaji wa koto huukandamiza uzi upande wa kushoto wa daraja na kuipandisha sauti kadiri apendavyo. Mpuliza shakuhachi huinamisha kidevu na sauti ikateleza chini. Kwenye taishogoto kibonyezo kimesimama kati ya kidole na uzi, na sauti ni ile iliyopangwa na fundi, basi. Hasara hiyo ni ya kweli, na kwa nyimbo za zamani ni kubwa. Lakini tukiigeuza kuwa sheria ya uraia itabidi tuitimue pia sho, kinanda cha kupuliza cha ikulu chenye mianzi 17, ambacho kila mwanzi wake unaolia una sauti yake moja isiyopindika. Hakuna aliyewahi kuthubutu kusema sho si ya jadi.

Na hasara yenyewe haikuwazuia wapigaji wa nchi nyingine. India na Pakistan waliipokea wakaiita bulbul tarang. Wabaluchi wakairefusha na kuikuza hadi ikawa benju, chombo chenye mabingwa wake. Bali nako ilifika. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyimbo za filamu za Kihindi zilikuwa zimeshaingia kwenye taarabu ya Mombasa, tashkota ilipata kazi bila matata. Katika kundi la mwimbaji Zuhura Swaleh ilifungwa umeme na kubeba melodia, kazi ambayo kwingineko ni ya udi au fidla, ikilia kwa ukali unaopenya kelele za harusi. Hakuna koto iliyowahi kuajiriwa hivyo.

Mtu anaweza kuhofia kwamba mlango ukifunguliwa kiasi hiki kila kitu kitaingia, hata karaoke, iliyobuniwa Kobe mwaka 1971 na Inoue Daisuke. Hofu hiyo ina jibu. Mashine ya karaoke haipigwi, haifundishwi, na hakuna mpigaji aliyewahi kuipinda ifuate sikio lake kama wapiga biwa walivyoipinda shamisen. Taishogoto ina walimu na wanafunzi katika vikundi vya mitaani kote Japani, wengi wao wakiwa wazee, na mafundi wameshaigawa katika saizi nne, kuanzia yenye sauti nyembamba hadi ya besi, ili kundi zima lipige kwa sauti tofauti. Benju ya Wabaluchi ilikuzwa kwa mikono ya wapigaji wake, na tashkota ya Mombasa ilitiwa umeme na watu waliojua harusi zao zinataka sauti gani.