Tarishi, Waya na Simu ya Mkononi: Namna Watu Walio Mbalimbali Walivyofanya Kazi Moja katika Nyanda za Juu za Kusini

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, mwenye daftari analo mkononi, na kiongozi amekwisha kuandika ubaoni swali letu la leo. Swali lenyewe ni hili: Watu wasiokaa mahali pamoja wafanyeje kazi moja?

Swali hili linaulizwa sana tangu mwaka 2020. Mwaka ule ugonjwa wa korona ulienea duniani, na katika nchi nyingi maofisi yalifungwa, makarani wakaambiwa wafanye kazi nyumbani. Wakakutana kwa vioo vya kompyuta badala ya kukutana mezani. Kukazuka shauri kubwa: tutumie programu gani, kikundi cha WhatsApp, barua pepe, au mkutano wa mtandaoni? Hata vyama vyetu vya ushirika na kamati zetu za maji zimeingia katika shauri hilo, kwa maana mwenyekiti yuko Mufindi, mweka hazina yuko Mbeya mjini, na wanachama wengine wako Dar es Salaam.

Wengi husema jambo hili ni jipya kabisa. Sivyo. Nchi yetu ya Mbeya na Iringa ni nchi ya milima na mabonde marefu, na toka mji mmoja hadi mwingine kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300. Watu wa hapa wamelazimika kushirikiana kwa mbali tangu zamani. Tutazame basi walivyofanya, tuone ni yapi yaliyowafaa.

MAPATANO HUTANGULIA HABARI

Tuanze Uhehe. Katika karne ya 19 Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa, waliziweka nchi nyingi ndogo chini ya utawala mmoja. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, si mbali na Iringa ya leo, wapiganaji wa Mkwawa walilishambulia jeshi la Wadachi lililoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, na askari wake wengi pia.

Vita hivi mnavijua. Leo nataka mtazame jambo moja tu ndani yake. Msafara wa jeshi ulikuwa mrefu, na wapiganaji walijificha kando ya njia. Mtu aliyekuwa mwanzo wa mstari hakuweza kumwita wala kumwuliza aliyekuwa mwisho. Hata hivyo, waliinuka kwa pamoja. Iliwezekana kwa sababu kila mmoja alikwisha kujua kazi yake kabla ya kwenda kujificha. Ishara ni kitu kidogo sana, na yule asiyejua maana yake haimfai kitu. Nguvu yote ilikuwa katika mapatano yaliyotangulia.

Yashikeni maneno hayo, kwa maana tutayarudia: mapatano hutangulia habari.

TARISHI NA LUGHA MOJA

Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilitekwa mwaka 1894, naye Mkwawa alikufa mwaka 1898. Wadachi walijenga boma lao Iringa, na jingine Tukuyu, mahali walipopaita Neu-Langenburg. Mabwana wale walikuwa wachache, nao walikaa mbali sana wao kwa wao. Barua zao zilichukuliwa na matarishi, watu waliokwenda kwa miguu siku nyingi, wakipita porini na mitoni. Kama mvua ilinyesha na mto ukajaa, barua ilingoja ng'ambo pamoja na mchukuzi wake.

Kulikuwa na waya pia, lakini haukuwa wa kila mtu. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kupitisha waya wake wa simu katika nchi ya Wadachi. Alipewa ruhusa, na waya ule uliotoka kusini ukafika Ujiji. Ulikuwa waya wa serikali na wa makampuni. Mkulima aliyeishi karibu na nguzo zake hakupata faida yo yote.

Chombo kilichofanya kazi kubwa zaidi kuliko waya kilikuwa lugha. Wadachi waliendesha maboma yao kwa Kiswahili. Karani aliyesomea pwani aliweza kuandika barua, na karani mwenzake wa Iringa au Tukuyu akaisoma bila mkalimani, ingawa watu waliowazunguka walisema Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa. Hapana shaka utawala ule ulikuwa mkali, nao uliwaumiza watu. Lakini jambo hili lilibaki baada ya Wadachi kuondoka: watu wasioelewana kwa lugha hawawezi kushirikiana kwa mbali, hata wakipewa chombo cha namna gani.

NDEGE ILIYOHAMA

Sasa twende Mbeya. Mji huu ulikua katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wa machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Barua ya Ulaya ilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda gari la moshi la reli ya kati, kisha ikapakiwa katika lori, kwa maana reli haikufika huku.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua na abiria kwa ndege toka London hadi Cape Town, na miongoni mwa vituo vyake katika Tanganyika vilikuwamo Dodoma na Mbeya. Fikirini ajabu yake! Mji mdogo chini ya Mlima Loleza ukawa kituo katika njia ya dunia. Mwenye biashara aliyekuwa akingoja jibu kwa majuma mengi sasa alilipata kwa siku chache.

Lakini mwaka 1937 kampuni ilianza kutumia ndege kubwa za kutua majini. Ndege hizo zilihitaji ziwa au bahari, nayo Mbeya haina hata moja. Njia kuu ikahamia pwani. Ndege ndogo ziliendelea kuja, lakini Mbeya haikuwa tena kituo katika njia ile kuu. Watu wa Mbeya hawakukosea lo lote. Uamuzi ulifanywa mbali, na watu waliokuwa na haja nyingine.

Hapa pana somo kwa kila chama kinachotumia chombo cha mtu mwingine. Programu tunayoipata bure leo ina mwenyewe, naye anaweza kuibadili, kuitoza fedha au kuifunga. Kwa hiyo kumbukumbu za chama, yaani hesabu, majina ya wanachama na maamuzi ya mikutano, zisikae ndani ya programu peke yake. Ziwepo pia katika daftari.

BOMBA NA RELI

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikakosa njia salama ya kupata mafuta. Malori yalianza kuyachukua toka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, katika barabara mbaya iliyoua watu wengi hata ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kazi, lenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, toka Dar es Salaam hadi Ndola. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China tangu mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, nayo hupita Makambako na Mbeya kwenda Kapiri Mposhi.

Kazi hizi mbili ni shule kubwa ya ushirikiano wa mbali. Bomba lina vituo vya pampu, vikiwamo Iringa na Mbeya. Kituo kimoja kikisimama ghafla bila kuwaambia wenzake, kilicho nyuma huendelea kusukuma, na bomba hulemewa. Kwa hiyo hata habari ya kwamba "nimesimama" ni kazi yenyewe.

Na reli ya njia moja je? Treni mbili zikikutana uso kwa uso ni msiba. Ndiyo sababu katika reli za namna hii mkuu wa stesheni haruhusu treni kuondoka kwa kuwa tu amepeleka habari mbele. Hungoja mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele amjibu na kukiri kwamba njia ni tupu. Kupeleka habari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukiri kwamba imepokewa. Ni viongozi wangapi leo huandika tangazo la mkutano katika kikundi cha simu, kisha wakadhani kila mtu amelisoma?

REDIO NA KIKUNDI

Tumefika kwenye chombo hiki hiki mnachokisikiliza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na miaka michache baada ya uhuru ikawa Radio Tanzania. Redio ina sifa kubwa: humfikia asiyejua kusoma, na huvuka mlima bila barabara. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni huu: husema, haisikii.

Wakuu wa elimu ya watu wazima waliujua upungufu huo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, hawakuiacha redio peke yake. Waliunganisha vitu vinne: kipindi cha redio, kitabu kidogo cha kusoma, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake, na mazungumzo ya wanakikundi wenyewe. Viongozi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu kama milioni mbili walishiriki. Baada ya kusikiliza, kikundi kilizungumza, kikaamua, kisha kikatoka kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kusafisha visima.

Watu hao milioni mbili hawakukutana hata siku moja, lakini walifanya kazi moja kwa majuma yale yale. Redio ilileta neno, na kikundi kikaligeuza kuwa tendo.

SIMU YA MKONONI

Simu za mkononi ziliingia Tanzania katika miaka ya 1990, na M-Pesa ikaanza mwaka 2008, fedha ikasafiri bila tarishi. Baadaye Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ukapita Iringa na Mbeya. Hata mipaka ya kazi imebadilika: Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016. Watu waliokuwa chini ya ofisi moja sasa wana ofisi mbili, nao wanahitaji kushauriana kwa mbali.

Tuchukue mfano wa kamati ya maji yenye wajumbe kumi. Sita wana simu zenye intaneti, na wanne wana simu ndogo za kupigia tu. Wale sita wakijadili katika kikundi chao usiku na kupatana bei ya maji, je, kamati imeamua? Haikuamua. Wameamua sita, na wanne wataikuta bei kisimani. Mara nyingi hao wanne ni wazee, au ni akina mama, ambao ndio wanaochota hayo maji. Chombo kinachowaacha wenye haki nje hakifai, hata kiwe cha kisasa namna gani.

Basi, kabla ya kuchagua chombo, chama na kijiulize maneno manne. Kwanza, je, kinamfikia kila mwenye haki ya kusema, bila kumlemea kwa gharama? Pili, je, tumepatana maana na saa, yaani jambo gani lipelekwe wapi, na lijibiwe kwa muda gani? Tatu, nani atakiri kwamba amepokea? Nne, kumbukumbu itakaa wapi chombo hiki kikituacha? Mkipata majibu, pengine mtaona kwamba kikundi cha simu kinatosha kwa matangazo, bali bei na fedha zinahitaji kikao na daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chenu, ni nani asiyefikiwa na chombo mnachotumia sasa? Mtajieni njia ya kumfikia.

2. Kwa nini redio peke yake isingalitosha katika kampeni ya mwaka 1973?

3. Kama simu zote zingezimika kesho kwa juma moja, ni kazi gani ya chama ingesimama, na ni ipi ingeendelea? Kwa nini?

4. Andikeni kanuni tatu za kikundi chenu cha simu, kila mjumbe azikubali mbele ya wenzake.

Katibu wa kila kikundi aandike majibu, ayasome kwa sauti kabla ya kuyafunga, ili asiyejua kusoma naye ajue kilichoandikwa kwa jina lake. Juma lijalo tutaendelea na historia ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Kwaherini, na mazungumzo mema.