Nani alijua mto Rusizi unaelekea wapi?

Wadau, ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa RN3, kabla hujafika Gitaza unapita Mugere. Pale kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Wengi wanasema eti ndipo walipokutana. Hapana, walikutana Ujiji. Mugere walilala tu, wakiwa njiani kwenda kuutazama mto Rusizi.

Safari yote hiyo kwa ajili ya mto mmoja? Ndiyo, maana Wazungu walikuwa wanasaka chanzo cha Nile. Kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo chenyewe. Kama unaingia, warudi wakatafute kwingine. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi ya Ujiji, na wana wa mtawala wa huko wakawaambia wazi: Rusizi unaingia ziwani. Jibu sahihi kabisa! Lakini wageni hawakufika penye mlango wa mto waone wenyewe, basi Ulaya wakabishana miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipofika wakakuta maji yanaingia. Mtoto yeyote wa mvuvi angewaambia bure.

Tena ramani za wakati ule zilichorwa mtu akiwa mtumbwini. Ufuo unaonekana, milima ya mbele inaonekana, ila vijito vinatoka wapi huko juu, hakuna aliyeandika. Ramani za kontua zilikuja baadaye sana. Ukitazama kontua za Gitaza utaona mistari imebanana kama nyuzi za mkeka: ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima nyuma yake inapita mita 2,000. Kwa hiyo mito ni mifupi na ina kasi. Machi 2015 mvua ilipozidi, matope na mawe yalishuka Gitaza, nyumba zikaenda, RN3 ikakatika.

Mwezi Mei mwaka huohuo, maelfu waliokimbia Burundi walirundikana Kagunga, upande wa Tanzania, kusini kwenye ziwa hilihili. Mlima nyuma, maji mbele, gari halifiki. Ndiyo maana ikaletwa MV Liemba kuwabeba hadi Kigoma. Baadhi yenu mnaosoma hapa mliipanda.