Muhogo unakua mahali gani? Ncha mbili za kulinda Tshangalele

Kandokando ya ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, shamba la muhogo linalisha nyumba mara mbili: majani ni sombe, mizizi ni unga wa bukari. Vyote viwili vinategemea sehemu ndogo sana za mmea.

Mtoto anakua mwili mzima. Mmea hapana. Funga kamba kwenye shina la muhogo, kwenye urefu wa goti. Muhogo utakupita kichwa, lakini kamba utaikuta palepale. Shina linarefuka juu, kwenye ncha. Pale kuna sehemu laini inayoitwa meristemu: seli zake zinagawanyika, zingine zinabaki kazini, zingine zinarefuka na kuwa shina ao majani.

Meristemu zingine zinalala katika kila jicho la shina. Ndiyo sababu kipande cha mti wa muhogo kikipandwa kinaota. Mama akikata ncha kwa ajili ya sombe, macho ya pembeni yanaamka. Lakini machipukizi hayo yanakula akiba iliyowekwa kwenye mizizi. Anayekata ncha za shamba lote mara kwa mara atavuna mizizi myembamba. Heri achume majani machache kwa kila mti na aache ncha.

Chini ya udongo, mzizi nao unarefuka kwenye ncha, iliyovaa kofia ndogo ya kuikinga. Unene wa mzizi tunaokula unatoka kwenye meristemu ingine, tabaka jembamba chini ya ganda.

Hapo ndipo shaba inapoingia. Ziwa lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, mwaka wa 1930, na mto Panda unaleta maji kutoka upande wa viwanda vya Likasi. Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Ikizidi, inaumiza ncha ya mzizi kwanza. Mzizi unaacha kurefuka, na mmea unadumaa hata mvua ikinyesha vizuri.

Mkulima ang'oe mche mmoja polepole, aoshe mizizi. Ncha nyeupe na ndefu ni nzima. Ncha fupi, nene, za kahawia ni alama ya hatari. Lakini maji yaliyotuama ao wadudu pia wanaweza kuleta hali hiyo. Ni paka kipimo cha maabara kinachojua. Chokaa na samadi vinasaidia kuifunga shaba kwenye udongo, ingawa haviiondoi.