Walioijenga Butaro kwa majembe

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilichimbiwa msingi kwa majembe na mabeleshi. Wajenzi waliliacha tingatinga kwa makusudi, ili fedha za ujenzi ziingie mifukoni mwa watu wa hapo hapo.

Na watu hao walikuwa wameona mengi. Eneo lile, enzi hizo likiwa mkoa wa Ruhengeri, lilifikiwa na vita mwaka 1991, likapitia mauaji ya kimbari ya 1994, kisha mashambulizi ya waasi ya 1997 na 1998. Miaka kumi baadaye wilaya ya Burera, ambako Butaro ipo, yenye wakazi zaidi ya 300,000, ilikuwa bado haina hospitali.

Serikali ikashirikiana na Partners In Health, shirika la afya lililoanzishwa na Dkt. Paul Farmer na wenzake. Ramani ilichorwa na MASS Design Group, kundi la wasanifu vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Harvard. Lakini msimamo wa kazi ulikuwa wa mhandisi Mnyarwanda, Bruce Nizeye: aajiriwe mwenyeji, vifaa vitoke karibu, asiyejua afundishwe. Karibu watu 4,000 walipata ujira pale. Msanifu Michael Murphy ameeleza kwamba kuchimba kwa mikono kulichukua nusu ya muda na nusu ya gharama ya tingatinga.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya mawe. Miamba ya volkano ya Virunga ilikuwa kero kwa wakulima. Waliing'oa shambani na kuirundika kando ya njia. Waashi waliichonga na kuipanga, jiwe kwa jiwe, kulizunguka jengo zima. Walipokaribia kumaliza, mikono yao ilikuwa imekomaa kiasi kwamba waliomba ruhusa ya kuubomoa ukuta wa kwanza waujenge upya. Hapo kibarua alishakuwa fundi, na ufundi huo hauondoki na mfadhili.

Hospitali ilifunguliwa Januari 2011 ikiwa na vitanda 150. Mwaka uliofuata kikaanza kituo cha matibabu ya saratani.

Kwingineko, fedha nyingi za kujenga upya nchi zilizotoka vitani hurudi zilikotoka, pamoja na mkandarasi na mitambo yake. Wanaoandaa zabuni za barabara na shule huko Kivu, Sudan Kusini au Cabo Delgado waandike ndani ya mkataba wenyewe: wenyeji wangapi wataajiriwa, kwa ujira gani, na watafundishwa ufundi upi.