Sambusa ya Mikindani Haikutoka China

Katika miaka ya 1960, Neville Chittick na wenzake walipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, kaskazini ya Mtwara, walikuta vigae vya kaure ya China. Kwa kuwa Wachina wana jiaozi, chakula cha unga wa ngano kilichofungiwa nyama au mboga, ni rahisi kudhani kuwa sambusa ya Mikindani, mji wa pwani hiyo hiyo karibu na Mtwara, ni uzao wake. Dhana hiyo haisimami. Kaure ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi, na sahani haibebi upishi wa kule ilikofinyangwa. Tena itazame kazi yenyewe. Jiaozi husukumwa kiduara kimoja kimoja, hutiwa nyama mbichi, kisha huchemshwa. Sambusa huanza na manda: vidonge hupakwa mafuta, hupangwa juu kwa juu, husukumwa kwa pamoja na kubabuliwa kwenye chuma, ndipo hubanduliwa vyembamba, vikakatwa na kukunjwa pembetatu juu ya kima, yaani nyama ya kusaga, iliyokwisha kukaushwa, na mdomo ukagandishwa kwa uji mzito wa ngano. Huo ni ufundi wa Mabohora na Waislamu wenzao wa Gujarati.

Wapo watakaosema ililetwa na Waarabu zamani sana, maana Baghdad waliijua tangu enzi za Abbasiya. Kwamba asili yake ya mbali ni Uajemi, na kwamba Waarabu waliijua, sikatai. Ninachokataa ni tarehe ya kufika kwake pwani hii. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kwa kirefu chakula cha Mogadishu: wali wa samli, kuku, samaki, ndizi mbichi za maziwa, achari ya ndimu. Sambusa hakuitaja. Baadaye huko Delhi aliieleza mpaka lozi na vitunguu vyake. Kimya pekee si ushahidi, lakini ngano haikuwa zao la pwani hii, na bila unga hakuna manda. Karne ya 19 ndiyo inayoelekea zaidi, Wahindi walipokita biashara zao pwani yote. Livingstone alipoteremka Mikindani mwaka 1866, alimkuta wakala wa forodha ya Zanzibar, ambayo ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Watu wa nyumba hiyo walikuwa Wabhatia, Mabaniani wasiogusa nyama, kwa hiyo sambusa ya kima haikutoka jikoni kwao. Wa kutafutwa ni Wagujarati Waislamu waliofungua maduka, na kula nyama ya halali sawa na majirani zao Waswahili.