Siagi, Soseji na Maharage: Nani Aliamua Tuache Nini Wakati wa Kwaresima?

Kila Jumatano ya Majivu swali ni lile lile bwenini: "Mwaka huu unaacha nini?" Mmoja anaacha soda, mwingine muziki, wa tatu anazima simu saa tatu usiku. Tunaulizana kana kwamba Wakristo wameulizana hivyo tangu enzi za mitume. Sivyo. Kwa karne nyingi muumini hakuchagua, aliambiwa.

Mwanzoni desturi hazikufanana. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 unazitaja siku arobaini, na jina lenyewe Kwaresima linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya arobaini. Lakini mwanahistoria Sokrate wa Konstantinopoli, aliyeandika katika karne ya 5, anasema wengine waliacha kila chenye uhai, wengine walikula samaki, wengine samaki na ndege, na wengine mkate mkavu tu. Baadaye Kanisa la Magharibi likakaza kamba: nyama, maziwa, siagi na mayai vikawa marufuku.

Sheria ilikuwa moja, ila haikuwabana wote sawasawa. Kusini mwa Ulaya mizeituni hustawi, kwa hiyo kukosa siagi si taabu kubwa. Kaskazini mafuta ya zeituni yalitoka mbali. Watu wakaomba ruhusa ya kula siagi, nao wakatoa fedha. Mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, unaitwa Mnara wa Siagi mpaka leo, kwa kuwa fedha hizo zilisaidia kuujenga. Mwaka 1520 Martin Luther alilalamika kwamba Roma iliwalisha watu mafuta ambayo Warumi wenyewe wasingeyapaka hata kwenye viatu, kisha ikawauzia ruhusa ya kula siagi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Zürich, Uswisi. Machi 1522, Kwaresima ikiwa ndiyo kwanza imeanza, watu kadhaa walikusanyika nyumbani kwa mpiga chapa Christoph Froschauer wakala soseji. Padri Huldrych Zwingli alikuwapo, yeye hakula. Froschauer alipotakiwa na Baraza la mji ajieleze, hakuanza na teolojia. Alisema kazi ilikuwa nyingi mno: nyaraka za Mtakatifu Paulo zilipaswa kuwa tayari kwa maonyesho ya Frankfurt, wafanyakazi walikesha, uji peke yake haukuwatosha, na samaki kila siku hakuwa na uwezo wa kuwanunua. Zwingli aliwatetea katika mahubiri yaliyochapishwa mwezi uliofuata: anayetaka kufunga afunge, ila asimlazimishe mwenzake, na mkulima jembe lake tayari linamtuliza tamaa. Wengi huanzia hapa wanaposimulia Matengenezo ya Kanisa nchini Uswisi. Kwangu mimi ni kwanza habari ya kibarua mwenye njaa.

Kwa Wakatoliki sheria ililegezwa kidogo kidogo, hadi Papa Paulo VI alipotoa hati ya Paenitemini tarehe 17 Februari 1966. Kufunga kwa lazima kukabaki siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Mengine yakaachiwa maaskofu na dhamiri ya mtu. Swali letu la bwenini limepata nafasi yake hapo.

Lakini sisi hapa Uganda tunaokula posho na maharage Jumatatu hadi Jumapili, tukiambiwa tuache nyama, tunaacha nini hasa? Nilidhani ni utani wa wanafunzi mpaka niliposoma hati hiyo. Inatofautisha waziwazi: penye neema, waumini wajinyime zaidi na wawasaidie ndugu maskini, hata walio ng'ambo ya mipaka, penye dhiki, watu waitolee dhiki yao katika sala, huku wakitafuta haki zaidi katika jamii. Huko kutafuta haki sijamsikia mtu akikutaja anapoulizwa anaacha nini.