Stars ina vipaji, mbona haijawahi kushinda AFCON?

Kaa kibanda umiza chochote pale Majengo, Dodoma, siku Taifa Stars inacheza. Lawama ya kwanza ni ya kocha: anapaki basi, anachelewa kufanya sub, anamwacha nje fulani. Je, ni kweli? Tuanze na namba.

Stars imecheza fainali 4 za AFCON: 1980, 2019, 2023 na 2025. Jumla mechi 13. Sare 5, vipigo 8, mabao 9. Ushindi hakuna.

Ushahidi mzito dhidi ya benchi ni mechi ya Zambia, Januari 2024. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko. Badala ya kuua mechi, Stars ikarudi nyuma kulinda, na Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Ile iliuma. Ila tuwe wakweli, Hemed Suleiman 'Morocco' ndo kwanza alikuwa ameachiwa timu, CAF ikiwa imemfungia Adel Amrouche siku chache nyuma.

2019 chini ya Emmanuel Amunike ilikuwa hivyohivyo. Mbwana Samatta alitoka Genk na mabao 23 ya ligi, Stars ikaongoza mara mbili dhidi ya Kenya, ikafa 3-2.

Halafu akaja Miguel Gamondi. Kocha wa Singida Black Stars, majirani zetu hapa kanda ya kati, alikabidhiwa Stars Novemba 2025, wiki chache tu kabla ya fainali. Alifungwa 2-1 na Nigeria, akatoka 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Bao kila mechi ya makundi, na Stars ikaingia 16 bora kwa mara ya kwanza, kabla ya Brahim Díaz kuitoa kwa bao 1-0. Wachezaji wengi ni walewale. Kwa hiyo ndiyo, kocha ana sehemu yake.

Lakini si yote. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kusajili wageni 12, na nafasi za mbele ndizo wanazozichukua zaidi. Mfungaji bora 2023/24 alikuwa Aziz Ki (21), 2024/25 Jean Ahoua (16). Wazawa waliowakaribia ni Feisal Salum (19), ambaye ni kiungo, na Clement Mzize (14). Msuva na Samatta wote wameshavuka miaka 30. Straika hatengenezwi kwenye kambi ya wiki mbili, hata ukimleta kocha wa Ulaya.

AFCON 2027 inachezwa hapa nyumbani, pamoja na Kenya na Uganda. Stars ikiwa inaongoza dakika ya 60, tazama nani anapasha misuli: beki au mshambuliaji?